Lori la mjomba

Makala yenu kuhusu tiba ya uyoga wa saikedeliki (ule unaobadili fahamu) inasema "unafuta hatia na aibu". Hapo mmeruka hatua. Australia imeruhusu tiba za aina hii tangu Julai 2023, lakini ni madaktari wa akili wenye kibali tu: silosibini (kiini cha uyoga huo) kwa sonona iliyokataa tiba nyingine, na MDMA (dawa nyingine ya kubadili fahamu, ya maabara) kwa kiwewe. Mgonjwa huandaliwa kwanza, siku ya dawa hukaa na wataalamu kwa muda wa saa 6 hadi 8, halafu hurudi kuongea tena na tena. Na Marekani waliikataa MDMA Agosti 2024, wakataka utafiti zaidi.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori. Breki zilimkatalia pale Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kijana akafa. Korti ilimwachilia, yeye hajajiachilia. Hadi leo akitoka Nakuru kwenda Eldoret huzungukia Eldama Ravine (mafuta kwake si hoja). Kilichompa usingizi kidogo ni siku alipoenda kwa mama wa yule kijana, akashindwa kusema, mama huyo akamwekea chai.

Wakileta tiba hiyo hapa kihalali, na wataalamu wa kukaa naye, nitampeleka mimi mwenyewe. Lakini hao wanaouza "uyoga" kwa simu hapa mjini, nani atakaa na mjomba hizo saa 8?