Ukimwazima mtu pikipiki akagonga, usidhani umepona

Nimesoma makala kuhusu kumwazima mtu pikipiki, mwandishi anasema ikigonga mtu aliyekuwa anaendesha ndo anabeba kila kitu, hapo mi naona kapita haraka mno. Ni kweli kosa la kuendesha vibaya ni lake, faini na jela ni zake, lakini madai ya fidia ni habari nyingine kabisa. Ukimtuma dogo akakuletee mzigo akamgonga mtu njiani, sheria za nchi nyingi zinahesabu alikuwa kwenye shughuli yako, kwa hiyo aliyeumia anaweza kukudai na wewe. Akiwa kaazima kwenda kwenye mambo yake mwenyewe mara nyingi unapona, ila sio kama unajua fika hana leseni, au umemuona kalewa bado ukampa funguo, au breki ya nyuma imekufa wiki nzima na hujamwambia, hapo uzembe ni wako na bima inaweza kugoma, au ikalipa halafu ikakurudia ikidai hela yake. Na hii bima ndogo tuliyonayo wengi inamlipa aliyegongwa tu, foku ya pikipiki yako iliyopinda mtajuana wewe na huyo uliyemwazima. Afu kuna wale wanaouza pikipiki kwa kuandikishana kwenye karatasi tu, jina kwenye kadi halijabadilishwa, siku ikigonga mtu mwendeshaji akakimbia polisi wanakuja kwa nani kama sio kwako? Ikiibiwa nayo ripoti siku hiyohiyo jamani, ukienda kuripoti baada ya ajali nani atakuamini