Piramidi ya Raneferef haikukamilika, lakini fahali waliendelea kuchinjwa

Uwanja wa maziko wa mfalme wa Misri ya kale ulikuwa na mpango ambao wengi wetu tunaujua: hekalu la bondeni penye kufikia mashua, njia ndefu yenye kuta inayopanda jangwani, hekalu la ibada ubavuni mwa mashariki, kisha piramidi yenyewe pamoja na ile ndogo ya pembeni. Ubishi uko kwenye kazi yake. Mwaka 1950 mtafiti Herbert Ricke aliusoma mpango huu kama ramani ya mazishi: maiti hupokewa chini, hupandishwa, huagwa, huzikwa. Mwaka 1977 mwenzake Dieter Arnold alijibu kwamba mahekalu yale hayakujengwa kwa ajili ya msafara wa mazishi, bali kwa ibada ya mfalme iliyokusudiwa kuendelea bila kikomo.

Anayeona piramidi kuwa ndiyo kiini na mengine ni viambatisho hakosi hoja. Ile ya mfalme Khufu pale Giza ina ujazo wa mita za ujazo milioni 2.6 hivi, na hakuna serikali inayobeba mawe kiasi hicho kwa jambo la pili. Tena mfalme Unas alipoamua kuchonga maandiko ya kumsindikiza ahera, hakuyaweka hekaluni ambako makuhani wangeyasoma. Aliyaweka ndani kabisa, kwenye vyumba vya chini ya piramidi vilivyofungwa baada ya mazishi. Hapo ni vigumu kusema kwamba kaburi ni kisingizio tu.

Lakini hoja ya ukubwa ina udhaifu. Piramidi ya mfalme Sahure pale Abusir, iliyojengwa karibu karne moja baada ya Khufu, haifiki hata sehemu moja ya 25 ya ujazo wa ile ya Khufu. Mara nyingi tofauti hii husimuliwa kama habari ya kuporomoka: wafalme wamefilisika, mafundi wamelegea. Ni kweli kwamba kiini chake kilijengwa kwa mawe yasiyochongwa vizuri, na leo kimekuwa kama kichuguu. Ila ingia hekaluni kwake. Uani palisimama nguzo 16 za matale kutoka Aswan, zaidi ya kilomita 800 kwa mto, vichwa vyake vimechongwa kwa umbo la makuti ya mtende. Mwanaakiolojia Ludwig Borchardt, aliyepachimbua kuanzia mwaka 1907, alikadiria kuwa kuta zilikuwa na mita za mraba 10,000 za michoro ya kuchongwa. Alikuta pia mabomba ya shaba ya kutolea maji machafu, yakifuata njia ile hadi bondeni. Mazishi ya siku moja hayahitaji bomba la shaba. Linalolihitaji ni jengo ambalo watu wanamimina maji na kuosha vyombo kila kukicha.

Jirani yake, mfalme Raneferef, ndiye anayenishughulisha zaidi. Alikufa mapema, jengo lake likiwa bado halijainuka. Warithi walisawazisha juu, wakaacha kisiki cha mita saba hivi, na nyaraka za hekalu lake zinakiita kilima. Kwa wanaopima kwa kimo, mfalme huyu hakupata kitu. Ubavuni mwa kisiki hicho, hata hivyo, palijengwa hekalu, sehemu kubwa kwa matofali ya udongo, lenye machinjio yake. Timu ya Wacheki chini ya Miroslav Verner ilipata humo kumbukumbu za mafunjo, na kipande kimoja kinataja fahali 130 kwa sikukuu ya siku 10.

Fahali 13 kwa siku! Tukikisia kila mmoja alitoa kilo 150 za nyama, hizo ni karibu tani mbili kila siku, kwa ajili ya mtu ambaye piramidi yake haikufika kimo cha mnazi. Huenda karatasi ile iliandika kilichotakiwa kuletwa, si kilichofika. Hesabu za hekalu la jirani, la mfalme Neferirkare, zinaonyesha wazi kwamba deni la bidhaa lilikuwa jambo la kawaida. Hata tukiikata nusu, inabaki shughuli ya wafugaji, wachinjaji, makarani na walinzi. Baada ya sadaka kuwekwa mbele ya mfalme, chakula kiligawiwa kwa wahudumu. Makuhani hao walipokezana kwa zamu, wakakagua vyombo na kuandika kipi kina ufa. Mashamba na ng'ombe viliwekwa kando kudumisha ibada, mfumo ambao msomaji wa pwani anaweza kuufananisha na wakfu.

Wanaoona piramidi kuwa kiini watajibu kwamba hekalu hilo lilikuwepo kwa sababu ya maiti, na mabaki ya mwili yamepatikana kweli chini ya kisiki. Nakubali. Lakini hapo wanatetea kaburi, si piramidi, na kaburi lingeweza kuwa shimo. Pia ni haki kukumbuka kuwa hekalu la bondeni, wanalosema ni mlango wa lazima, halikuwa la lazima: Neferirkare alikufa kabla njia yake haijakamilika, mfalme Nyuserre akaigeuza ielekee kwake. Makuhani wa Neferirkare walihamia juu na kujenga nyumba za matope ndani ya hekalu. Kwa sababu hiyo karatasi zao zilibaki pakavu, zikatufikia.

Mfalme Pepi I naye alitoa amri kuhusu Dahshur, zaidi ya karne mbili baada ya mfalme Sneferu kuzikwa huko. Piramidi mbili za Sneferu zilikuwa bado zimesimama, zikiwa kati ya kubwa kuliko zote. Lakini amri inahusu wakazi wa miji ya piramidi hizo, yaani watu waliohudumia ibada yake: wasitozwe kodi, wasichukuliwe kwa kazi za lazima, ili huduma ya mfalme aliyekufa isikatike.