Scofield na country: ukitoa maneno, kinabaki nini?

Albamu ya John Scofield, Country for Old Men ya 2016, bado inabishaniwa na mi naona pande zote zina haki yake. Scofield ni mpiga gitaa wa jazz, miaka ya 80 alikuwa bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, na humu kachukua nyimbo za country za Marekani akazipiga bila mwimbaji, na wenzake watatu: Larry Goldings piano na ogani, Steve Swallow besi, Bill Stewart dramu.

Wanaoikataa wanasema country ni hadithi. Jolene ya Dolly Parton ni mwanamke anambembeleza mwenzie asimnyang'anye bwanake, kwenye kiitikio anaita hilo jina mara nne mfululizo, sasa ukitoa maneno nani atajua kuna mtu anaomba? Halafu I'm So Lonesome I Could Cry ya Hank Williams, ya 1949, wimbo unaojikokota kama mtu asiye na pa kwenda, Scofield kaupiga mbio! Mara ya kwanza nilikasirika kabisa, upweke gani huu wa kukimbia.

Lakini hebu tukumbuke, Kenya tumekua na country ya Jim Reeves na Kenny Rogers redioni, wangapi walikuwa wanashika kila neno? Mamangu Kiingereza hajui, ila Jim Reeves akianza mikono ilikuwa inasimama kwenye karai la vyombo. Kilichomshika ni sauti. Na Scofield sauti anayo, msikilize kwenye Mr. Fool, wimbo wa George Jones unaofungua albamu, anavyovuta waya noti ipande polepole, anaacha nafasi pale mwimbaji angepumua, hana haraka yoyote.

Bill Frisell, naye mpiga gitaa wa jazz, kwenye albamu yake Nashville ya 1997 aliwafuata wapiga country wenyewe, wa banjo na dobro (aina ya gitaa). Scofield kazileta nyimbo nyumbani kwake kwenye jazz, na hapo ndipo hatari ilipo. Tuzo za muziki za Grammy za 2017 zilimpa albamu bora ya ala ya jazz na pia solo bora, yaani pale mpigaji anapobuni papo hapo, tena kwa huohuo wimbo wa Hank. Solo ni kali, sibishi, lakini kwangu wimbo wenyewe umepotea humo ndani.

Juzi nikampigia mama Mr. Fool. Akasikiliza kidogo akauliza, huyu anaanza kuimba saa ngapi? Nikamwambia haimbi. Akanyamaza, halafu akasema, basi iache.