Raha tumewaachia marehemu

Ukitaka kujua Mkristo wa Moshi anaichukuliaje starehe, usimuulize kanisani. Nenda kwenye sherehe ya kipaimara, kaa upande wa wanaume, halafu subiri mchungaji afike.

Ya mwisho niliyohudhuria ilikuwa Uru, mwezi Desemba, ule msimu ambao Wachagga wa Dar wote wamepanda na mji umekuwa mdogo ghafla. Maturubai mawili yalifungwa kati ya migomba na mibuni, spika zinapiga kwaya, mtoto mwenyewe kavaa suti ambayo mikono yake imemfika vidoleni. Mezani soda, maji na bia. Nyuma ya nyumba, ndoo za mbege, pombe yetu ya ndizi. Mara kijana aliyekuwa anapokea wageni akaja akainama: "Mchungaji huyo." Chupa zikashuka chini ya meza kwa mpigo mmoja, utadhani wamefanya mazoezi. Mchungaji akapita akisalimia, akaombea chakula, akalishwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, akakaa kama saa moja, akaaga. Gari lake halijafika barabarani, chupa zimeshapanda.

Hakuna aliyedanganyika pale. Mchungaji kazaliwa huku huku, anajua meza ya Mchagga ina ghorofa ya chini. Lakini mimi nilibaki na swali. Kama bia ile ilikuwa dhambi, mchungaji kuondoka hakukuitakasa. Kama haikuwa dhambi, ilifichwa ya nini? Naona ndivyo wengi wetu tunavyoishi imani yetu: tunafurahia maisha kwa kuibia, na tukishafurahia tunajisikia vibaya, kisha tunarudia.

Wahubiri wetu wana mgawanyo wa maneno unaopendwa sana: furaha ni ya Mungu, raha ni ya dunia. Unaingia masikioni vizuri. Tatizo ni kwamba Biblia yenyewe ya Kiswahili, ile ya Union Version tunayobeba kwapani kila Jumapili, haiujui mgawanyo huo. Yesu katika Mathayo 11 anawaita wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo, akiwaahidi, "nanyi mtapata raha nafsini mwenu." Waebrania 4 inasema imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu. Na ukipanda Kibosho kwenye mazishi ya Wakatoliki, pembeni ya kaburi utasikia, "Raha ya milele umpe ee Bwana," na watu wote wanaitikia kwa unyenyekevu. Kwa hiyo neno hili hili, ambalo kijana wa Majengo akilitaja anaambiwa ameanza kupotea, tunamwombea mtu akishakufa. Hai hapana, maiti ndiyo.

Neno ambalo Biblia inalikunjia uso ni anasa. Katika mfano wa mpanzi, Luka 8, anasa za maisha haya ni miongoni mwa miiba inayoisonga mbegu. Katika Luka 16, tajiri anakula kwa anasa siku zote. Lakini tazama huyo tajiri kawekwa wapi: mlangoni pake amelala Lazaro mwenye vidonda. Ondoa Lazaro pale mlangoni, inabaki habari ya mtu anayevaa vizuri na kula vizuri, na sijui mfano ungebaki na kesi gani.

Sasa, kabla sijaonekana natafutia kiti changu cha baa andiko la kukalia, kuna upande wa pili, na si mwepesi.

Uamsho uliowaleta Walokole ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda (jina lenyewe ni la Kiganda, maana yake waliookoka), ukafika hadi huku mlimani. Ulikuja na makatazo mengi: pombe, ngoma, mapambo. Vijana wa leo wanayacheka. Mimi nilikuwa nayacheka pia, mpaka siku moja bibi yangu, anamenya ndizi za mtori, akasema bila hata kunitazama: "Babu yako alipookoka ndipo mimi nilipoanza kulala usingizi." Hakufafanua. Nilikuwa najua ya kutosha: mwanamume anayekula hela ya kahawa kilabuni, watoto wanaojua hatua za baba yao gizani na wanaojua usiku gani wa kwenda kulala kwa jirani. Anayewacheka Walokole kwa kukataza pombe hajawahi kuwa mke wa mlevi. Kwa bibi, mume kukatazwa raha yake ndiyo ilikuwa raha ya nyumba nzima.

Tena wana hoja ya kimaandiko ambayo ni nzito kuliko ile ya "mwili ni mbaya". Paulo anawaambia Wakorintho kwamba chakula kikimkwaza ndugu yake, hatakula nyama milele. Hasemi nyama ni najisi. Anasema anaye ndugu. Katika ukoo wenye mjomba anayepigana na pombe kwa mwaka wa tatu sasa, mtu akiamua sherehe ya mwanawe iwe ya soda tu, sioni kama amekuwa mshamba wa dini. Ameangalia nani atakuwepo.

Ninapoachana nao ni hapa: dawa ya mgonjwa imegeuzwa chakula cha kila mtu. Nilikaa kwenye kikao cha vijana wa usharika fulani, ajenda ikiwa ni safari ya Chemka, ile chemchemi ya huko chini upande wa Boma Ng'ombe, ambayo kwa jina ungedhani utaungua na ukiingia ni uvuguvugu tu, maji maangavu unaona mpaka vidole vya miguu. Saa nzima ilikwisha tukijadili kama kijana aliyeokoka anaweza kuogelea. Sizungumzii mavazi wala wavulana na wasichana kuchanganyika, hayo yalikuwa na dakika zake. Kuogelea kwenyewe. Mama mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, "Na mtakuwa mnamtukuza Mungu saa ngapi?" Jibu halikupatikana, ila niliona kwamba kwake yale maji, na mizizi ya miti iliyoning'inia juu yake, na aliyeyaumba, ni mambo matatu yasiyojuana.

Inachekesha zaidi ukikumbuka kwamba wengi wetu hapa ni Walutheri, watoto wa wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Martin Luther mwenyewe alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na huyo mama alikuwa akipika bia nyumbani, na mume aliisifu. Wakatoliki nao wanaye mwanateolojia wao Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, ambaye alifundisha kuwa mtu asiyejua mzaha kabisa, asiyewapa wenzake chochote cha kuchangamsha na anayewazuia wao wasichangamke, ana kasoro ya kimaadili kwa sababu anawalemea wengine. Ningependa hilo libandikwe kwenye milango ya vikao fulani.

Augustino, yule mtakatifu wa kanisa la kale, ni mgumu zaidi, na ndiye ninayemheshimu zaidi kwenye jambo hili kwa sababu hajifanyi ana uhakika. Katika Ungamo, kitabu cha 10, anakiri kuwa anapoguswa na uimbaji kuliko maneno yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi. Halafu anakumbuka machozi aliyoyamwaga kwa nyimbo za kanisa siku za kuongoka kwake, anashindwa kuukataa muziki. Mtu yeyote aliyeona kwaya yenye sare mpya ya kitenge, kinanda kimekolea, usharika mzima umesimama, atamwelewa. Tunampigia nani makofi pale? Sina jibu safi, na Augustino hakuwa nalo.

Harusi ya Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai, najua wote mtanitajia. Basi tuihesabu. Yohana anasema mabalasi sita ya mawe, kila moja nzio mbili au tatu. Nzio moja ni kama lita 40. Kwa hiyo si chini ya lita 480, na huenda zikafika 720: mapipa mawili na zaidi ya yale ya lita 200, kwa watu ambao walikuwa wameshakunywa mpaka divai ikaisha. Siyo muujiza wa mtu anayeona aibu kuwa sherehani. Wala haishangazi kwamba waliomchukia walimwita mlafi na mlevi.

Ila andiko linalonitawala mimi ni lingine, ambalo sijawahi kulisikia likisomwa siku ya sadaka. Kumbukumbu la Torati 14 inamwambia Mwisraeli anayekaa mbali auze fungu lake la kumi, achukue fedha mpaka mahali Bwana alipopachagua, anunue chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo, ale mbele za Bwana, afurahi yeye na nyumba yake. Fungu la kumi, la kula! Lakini mstari unaofuata hapo hapo unasema asimwache Mlawi, na baada yake kuna mgeni, yatima na mjane. Nehemia 8 ni vilevile: kuleni kilichonona, kunyweni kilicho kitamu, na mpelekeeni sehemu asiyewekewa kitu.

Ukisoma kwa jicho hilo, yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 anaeleweka upya. Maneno yake, "pumzika basi, ule, unywe, ufurahi," ni karibu yale yale ambayo kitabu cha Mhubiri kinayaita zawadi ya Mungu. Tofauti ni kwamba huyu katika hotuba yake nzima hana mtu mwingine: ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Anajifanyia sherehe peke yake.

Na hapo ndipo sherehe zetu zenyewe zinapopata shida, kuliko kwenye bia. Siku hizi kipaimara kina kamati, kina kundi la WhatsApp la michango, kina ukumbi na mshereheshaji. Mwenye nyumba anakopa vikoba ili ndafu wawe wawili kwa sababu jirani alikuwa na mmoja. Januari mtoto yule yule wa suti anakaa nyumbani wiki mbili akisubiri ada. Hiyo mimi siiiti kufurahia maisha. Nimewaona baba wa watoto hao siku ya sherehe, hawakai chini, hawali, wanahesabu sahani. Mahubiri mapya yanayopima baraka kwa gari yameongeza petroli kwenye moto huu, maana sasa hata starehe imekuwa mtihani wa imani.

Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi miaka mingi hadi 1938, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo kanisa lijengwe juu yake, si juu ya magofu yake. Walikuwepo waliomwona anapenda mno ya kale. Lakini mbege ya zamani, ya ndizi mbivu, kimea cha ulezi na magome ya msesewa, ilikuwa na mwenye kupewa kata kwanza, na nyama ilikuwa na sehemu ya kila ndugu, hata asiyekuwepo. Ilikuwa na ulevi wake pia, bibi asingeniruhusu nisahau.

Sikumaliza habari ya Uru. Chupa ziliposhuka, kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakushusha kitu. Alikuwa na kata yake ya mbege, ameishika kwa mikono miwili. Mchungaji alipofika kwake aliinama kidogo, "Shikamoo, baba." Mzee akaihamishia kata mkono wa kushoto, akampa wa kulia. "Marahaba, mchungaji. Umechelewa, nyama imepoa." Mchungaji akavuta kiti akakaa karibu naye, akaomba soda ya baridi, wakaanza kuongea habari za mvua. Nilimwona mjomba wangu anawatazama wale wawili, kisha anatazama chini ya meza.