Viatu vya Ng'ambo

Mimi ni mkazi wa Dodoma, mji ambao ukitaka kuiona bahari ni lazima kwanza upande treni mpaka Dar es Salaam, na nadhani ndiyo sababu neno "ng'ambo" hututapeli kirahisi kuliko linavyowatapeli watu wa pwani. Jumamosi iliyopita, katika Soko la Majengo, muuza mitumba mmoja aliniinulia jozi ya viatu vyeusi, akavigonganisha visigino na kusema, "Mzee wangu, hivi ni vya ng'ambo." Bei aliyoitaja ilikuwa imekwisha jumlisha na nauli ya meli, nami nikailipa kwa adabu zote.

Jumatatu, kabla sijafika kazini Mtumba (Mji wa Serikali upo Mtumba, na sisi wa mitumba tunauingia kila siku bila mtu kucheka), soli ya mguu wa kulia ilifunguka ikawa kama mdomo wa kambale. Ndani yake, palipostahili ngozi, palikuwa na kipande cha boksi chenye maandishi ya Kiswahili: "Tunza mahali pakavu."

Nilirudi sokoni nikiuburuta mguu. "Kijana, ng'ambo gani hiyo inayoandika Kiswahili?" Naye, bila kupepesa macho, akanyoosha kidole: "Mzee wangu, vilishonwa kwa fundi yule pale, ng'ambo ya barabara."

Kilichoniuma ni kwamba kilugha hakukosea. Ng'ambo ni upande wa pili wa chochote kinachokatiza, uwe mto, bonde au bahari, na hakuna aliyewahi kuweka sharti la maji ya chumvi. Tabora, bara kabisa, kuna Ng'ambo. Unguja nako, Ng'ambo ni ule upande wa mji uliotenganishwa na Mji Mkongwe kwa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu. Hori lilifukiwa zamani, na pale Darajani watu wananunua samaki bila kuvuka daraja lolote, lakini jina halikufukiwa. Labda ningedai viatu vya ughaibuni, ingawa neno hilo linatokana na ghaibu, yaani kutokuwepo mbele ya macho, na kwa hesabu hiyo kilichokwenda ughaibuni ni fedha zangu.

Basi nikavuka barabara. Fundi alikigeuzageuza kiatu kana kwamba hajawahi kukiona, akauliza nilikokitoa. Nikamjibu, kwa usahihi wote wa kamusi, kwamba nimekitoa ng'ambo, naye akaongeza shilingi elfu mbili juu ya ujira wake.