Usipige Kura kwa Idadi ya Wachezaji

Kampuni ya gemu za mtandaoni ikileta mkakati wa ukuaji mbele ya wanahisa, grafu ya kwanza huwa ya wachezaji wa kila mwezi, nayo huwa inapanda. Iache kwanza. Wachezaji hununuliwa kwa matangazo, na mwenye bajeti nene anaweza kuipandisha grafu hiyo mwaka mzima huku akiteketeza mtaji. Nenda kwenye gharama za masoko, kisha uliza: fedha ya kumleta mchezaji mmoja hurudi baada ya siku ngapi?

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Tuseme kumpata mchezaji mmoja kunagharimu dola 3. Basi wachezaji 1,000 ni dola 3,000. Ndani ya siku 180 wananunua vitu vya dola 4,000 kwenye gemu. Anayetazama mapato peke yake atapiga makofi. Duka la programu likikata asilimia 30 zinabaki 2,800. Toa dola 200 za seva na huduma kwa wateja, zinabaki 2,600. Kila kundi la wachezaji 1,000 limeacha hasara ya dola 400, na kadiri matangazo yanavyoongezwa ndivyo shimo linavyopanuka. Tena ile dola 3 haikai palepale. Wanaopatikana mwanzo ni wale waliokuwa tayari wanapenda gemu za aina hiyo. Bajeti ikiongezwa maradufu, bei ya kila mchezaji hupanda. Na tangu Aprili 2021, iOS 14.5, mfumo wa simu za iPhone, ilipozilazimisha programu kuomba ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji kwenye programu nyingine, kuwalenga watu wenye mazoea ya kununua kumekuwa kugumu zaidi.

Kwa hiyo dai jedwali la makundi: waliojiunga Januari, wangapi walirudi siku ya 1, ya 7 na ya 30, na wametumia kiasi gani hadi leo; halafu Februari, Machi, na kuendelea. Wa kundi la Juni wakirudi wachache kuliko wa Januari, ama gemu imechosha ama matangazo yanaokota watu wasiohusika. Utaambiwa hiyo ni siri ya biashara. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa kweli haipaswi kumnong'oneza mwanahisa mmoja takwimu nyeti, lakini inaweza kuzitangaza kwa wote, hata kama ni kwa asilimia tu.

Soma pia mauzo na mapato sambamba. Mchezaji akilipa dola 20 leo kwa kitu atakachokitumia kwa miezi, kampuni mara nyingi huiingiza fedha hiyo kwenye mapato kidogo kidogo. Kampuni ya gemu ya Roblox, kwa mfano, huigawa kwa muda ambao mchezaji anayelipa anakadiriwa kubaki. Matokeo yake mapato yanaweza kuendelea kupanda robo mwaka ambayo mauzo mapya yameshaanza kushuka.

Njia ya ukuaji ninayoiogopa kuliko zote ni kununua studio nyingine, yaani kampuni inayotengeneza gemu. Machi 2012 kampuni ya gemu ya Zynga iliinunua studio ya OMGPOP kwa takriban dola milioni 180, wakati gemu ya OMGPOP, Draw Something, ikiwa kileleni. Wachezaji wakaanza kuondoka, thamani ikashushwa vitabuni mwaka huohuo, na 2013 studio ikafungwa. Bei ilipigiwa hesabu kwenye siku nzuri kuliko zote za gemu moja. Ununuzi wa namna hiyo ulipwe sehemu mwanzoni, na sehemu baada ya miaka miwili au mitatu kwa kupimwa na faida. Malipo yakiwa kwa hisa mpya, piga hesabu kwa kila hisa: faida ikiongezeka asilimia 20 huku hisa zikitoka milioni 100 hadi milioni 125, faida ya kila hisa imeshuka asilimia 4.

Hapa natofautiana na wanahisa wengi wanaopiga kelele kampuni "isitegemee gemu moja". King, kampuni yenye gemu ya Candy Crush Saga, ilipoingia kwenye soko la hisa Machi 2014 kwa dola 22.50 kwa hisa, Candy Crush Saga ilikuwa imeleta asilimia 78 ya mauzo ya robo ya mwisho ya 2013, na siku ya kwanza hisa ilifunga kwenye dola 19. Woga ulieleweka. Hata hivyo, kampuni kubwa ya gemu ya Activision Blizzard ilikuja kuinunua King kwa dola bilioni 5.9, na Candy Crush ikaendelea kuingiza fedha miaka mingi baadaye. Gemu kongwe yenye wachezaji waaminifu haihitaji kuwanunua upya. Hatua mpya, matukio ya kila wiki na seva zisizokwama hugharimu kidogo kuliko kujaribu aina ya gemu ambayo timu haijawahi kuitengeneza. Menejimenti huipenda ile ya pili kwa sababu bonasi zao mara nyingi hufungwa kwenye ukubwa wa mapato. Azimio la kupeleka kwenye mkutano mkuu ni bonasi ifungwe kwenye fedha taslimu kwa kila hisa, ipimwe kwa miaka mitatu.