Mlinzi wa Kandambili

Kila Ijumaa jioni, hata kabla sijavua soksi, nyumbani kwangu Kimara hufanyika kikao ambacho mimi huwa sialikwi, ingawa ajenda yake pekee ni matumizi ya fedha zangu: Jumapili watoto wapelekwe wapi. Katika utoto wangu neno «kutoka» halikuwa na gharama. Mtoto alitoka nje, akawakuta wenzake, wakacheza rede, kombolela na gololi mpaka alipoitwa kuoga, na hakuna mzazi aliyedaiwa kiingilio. Siku hizi kila kiwanja ninachokifahamu kimeota fremu za maduka, na kutoka kumekuwa safari inayohitaji nauli, maji ya kunywa, nguo za akiba, mkeka, na mtu mzima mmoja wa kushika vitu vya wenzake.

Watu wengi humwona baba akiwa na familia yake pwani wakadhani ndiye kiongozi wa msafara. Nawaomba waniwie radhi, kwa sababu cheo changu halisi ni mlinzi wa kandambili. Kila sehemu ya kuchezea watoto katika jiji hili la Dar es Salaam, iwe ya mchanga, ya maji au ya puto kubwa la kurukia, huanza kwa amri ya kuvua viatu. Watoto wangu watatu wana kandambili sita na mama yao ana mbili, jumla nane, na nimekuwa nikizilinda kwa uaminifu ambao ningeuonyesha kazini ningekwishapandishwa daraja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi Juni mwaka 2019, nazibeba katika kikapu cha sokoni, kwa hiyo watu tunaopishana nao hunitazama kwa huruma wakidhani natoka kununua nyanya.

Tuanze na ufukwe wa Coco, kwa kuwa ndiko sote tunakoanzia. Tunapanda basi la mwendokasi mpaka kituo cha Morocco, kisha tunabanana watano katika bajaji ambayo dereva wake hutuhesabu mara mbili akitumaini hesabu ya pili itapungua. Mwaka 2016, mabasi hayo yalipoanza, nilikuwa na mtoto mmoja na nilimpakata. Sasa ninao watatu, na huyo niliyekuwa nikimpakata anadai kiti cha dirishani. Tukifika hununuliwa mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, ambayo watoto huila yote isipokuwa vile vipande vilivyoanguka mchangani, kisha navipokea mimi. Hapo nina kinyongo kidogo, lakini kinyongo changu kikubwa ni juu ya maji.

Mimi nimezaliwa Singida, ambako Ziwa Singidani hulikuta pale ulipoliacha jana. Nilipowapeleka watoto Coco kwa mara ya kwanza mwaka huu tulifika saa kumi jioni, tukakuta bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari imejaa hadi karibu na miguu ya watu waliokaa, nao wakaogelea wakafurahi hata nikaitwa baba bora. Kwa kulewa sifa nikaahidi kwamba Jumapili inayofuata tungerudi saa ileile, maji yakiwa yaleyale. Tuliporudi tukakuta bahari imesogea, miamba imetoa vichwa, na sehemu waliyoogelea imegeuka kijidimbwi chenye kaa mmoja aliyeonekana kutufahamu. Kitindamimba aliutazama ule mchanga, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti iliyosikika na watu wasiotuhusu: «Baba, umeyapeleka wapi maji?»

Mvuvi aliyekuwa akipita na nyavu zake ndiye aliyenielewesha, naye alifanya hivyo kwa upole wa mwalimu wa darasa la kwanza. Maji hufuata mwezi, na huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo katika siku saba huwa yamechelewa karibu saa sita, na bahari iliyojaa saa kumi Jumapili hii lazima iwe imekupwa saa kumi Jumapili ijayo. Akaongeza kwamba nilikuwa na bahati, kwa kuwa siku hiyo yalikuwa maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Ningekuja wakati wa kupwa kwa bamvua ningetembea mpaka nichoke. Nilimshukuru, nikaketi juu ya mkeka nikitafakari jinsi ambavyo mwezi wenyewe, ulio juu huko mbinguni, umeamua kunidhalilisha mbele ya wanangu.

Ndipo nikaona heri tuyafuate maji yanakokaa wakati wote, tukaenda Kisiwa cha Mbudya. Kisiwa hicho ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, na mtu hukifikia kwa mashua kutoka Kunduchi, baada ya kulipia mashua na baada ya kulipia kisiwa chenyewe. Sikatai, ni mahali pazuri: mchanga mweupe, mabanda ya makuti, mibuyu, na maji ambayo unaona vidole vyako ndani yake. Tatizo ni kwamba mashua haifiki mpaka ufukweni kama basi linavyofika kituoni. Husimama majini, na abiria huteremka akamalizia kwa miguu. Kwa hiyo niliingia Mbudya maji yakiwa kiunoni, kitindamimba akiwa mabegani, mkeka ukiwa kwapani, na kikapu cha kandambili nane kikiwa kichwani, nikifanana na mhamiaji aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya viatu. Nilipomteremsha mtoto juu ya mchanga ule ambao watu hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuuona, alizunguka mara moja, akarudi, akauliza pembea ziko wapi.

Pembea ziko mjini, mwanangu, na zina bei. Kuna jumba moja la michezo ya watoto, ambalo sitalitaja kwa sababu bado natarajia kurudishwa huko kwa nguvu, ambamo muda huuzwa kwa dakika kama ilivyokuwa kwa simu za kibandani. Mlangoni pameandikwa kwamba watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kitindamimba alikuwa ametimiza mitano wiki tatu tu kabla ya siku hiyo, nami nikaona wiki tatu ni jambo dogo baina ya watu waungwana, nikamwambia binti wa dirishani kwamba mtoto ana minne na ushei. Mtoto akanyoosha vidole vitano vyote, akaeleza na rangi ya keki. Mama yake akatabasamu, akamwambia yule binti, «Msamehe dada, baba yao ni mwepesi wa kusahau,» nami nikalipa huku nikiwa nimeinamisha kichwa kama niliyekuwa nikitafuta chenji.

Nilidhani ndani ya jumba lenye sakafu safi ningepumzika na kazi yangu ya ulinzi, kumbe ndiko nilikoongezewa majukumu. Humo mtoto haruhusiwi kuingia na viatu, wala haruhusiwi kuingia peku. Sharti avae soksi maalumu zenye vidoti vya mpira chini, na soksi hizo huuzwa mle mle ndani. Nilinunua jozi tatu. Safari ya pili tulizisahau nyumbani, nikanunua jozi tatu nyingine, hivyo leo hii ninazo soksi za kutembelea ukutani na sina soksi nzima ya kuvaa kazini. Mzazi naye huandaliwa kiti, sikatai, lakini ni kile kiti cha plastiki cha mtoto wa chekechea, na mtu akiketi hapo magoti humfikia masikioni. Tulikuwa wanaume sita tumeketi hivyo kwa mstari, kila mmoja na rundo lake la viatu, tukitazama saa ya ukutani kwa bidii kuliko watoto walivyotazama pembea.

Baada ya hapo nilitumia mamlaka yangu ya mwisho, nikatangaza kwamba Jumapili itakayofuata tungekwenda mahali penye elimu. Niliwaza Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, lakini nilihofia watoto wangeniuliza ni ipi tungehamia. Basi tukaenda Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert, jengo lililofunguliwa mwaka 1940. Nilichagua hapo kwa hesabu zangu mwenyewe: hakuna mchanga, hakuna maji, na hakuna puto, kwa hiyo kwa mara ya kwanza kila mtu angetembea ndani ya viatu vyake mpaka mwisho.

Niliwasimulia habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambaye fuvu lake Mary Leakey aliligundua Oldupai mwaka 1959, na ambaye aliishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita. Nilisimulia vizuri, nasema hivyo bila kujisifu, hata familia nyingine mbili zikasogea kusikiliza. Binti yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na akili za wakili, akauliza kama mtu huyo alikuwa na watoto. Nikamjibu kwamba bila shaka wenzake walizaa na kulea. Akauliza: «Sasa siku za mapumziko aliwapeleka wapi?» Nilikosa jibu la kisayansi, lakini moyoni nilimwonea wivu mzee yule wa Oldupai, maana popote alipowapeleka walikwenda peku na wakarudi peku.

Wa kati naye alitaka dinosari. Nikamweleza kwamba mmoja mkubwa kabisa alichimbwa kwetu, huko Tendaguru mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, lakini Wajerumani walimchukua, na sasa amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Nilitegemea aone uchungu wa kihistoria. Badala yake akasema, «Basi Jumapili ijayo twende Berlin,» na kilichonitisha si maneno hayo, bali ni kwamba mama yao alinitazama kama mtu anayesubiri kusikia nauli. Wakati nikitafuta maneno ya kumjibu, niligeuka nikamkuta kitindamimba ameketi sakafuni, amevua viatu vyake vipya kwa madai kwamba vinambana, naye ananinyooshea kimoja kimoja. Kikapu nilikuwa nimekiacha nyumbani. Tulimaliza ziara nikiwa nimevikumbatia kifuani.

Kuna mambo mengine ambayo nimeyapita haraka makusudi. Jioni za kutembea kwenye Daraja la Tanzanite hazina kiingilio na upepo wake ni mzuri, ila watoto hupiga picha mbili kisha huuliza chipsi. Majirani zangu wameshawapeleka wanao Morogoro kwa treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria mwezi Juni mwaka 2024, na habari hizo hurudiwa mezani kwetu kila tunapokula, kwa sauti ya watu wasiotaka chochote.

Jumapili iliyopita tulirudi Coco. Safari hii nilijiandaa: nilikuwa na programu ya kujaa na kupwa kwa maji katika simu yangu, nikawafikisha saa kumi kasoro robo, bahari ikiwa imejaa kama ilivyotangazwa. Niliketi juu ya mkeka kando ya mwanamume mwenzangu aliyekuwa na rundo lake, tukasalimiana kwa ule udugu wa watu wa kazi moja, tukalinganisha bei za soksi. Kisha akaniomba nimtazamie vitu vyake mara moja akanunue mihogo, akaenda, akakuta foleni, hivyo kwa muda wa nusu saa nililinda kandambili kumi na sita bila nyongeza yoyote ya posho. Giza lilipoanza kuingia wanawe walitoka majini wakikimbia, wakavaa, wakaondoka. Wangu nao wakatoka, wakavaa, tukakimbilia bajaji.

Nyumbani nilihesabu kama kawaida yangu, zikatimia nane, nikafurahi. Lakini nilipozipanga mlangoni niligundua kwamba kandambili za wa kati zote mbili zilikuwa za buluu na zote mbili zilikuwa za mguu wa kulia. Nikasema si neno, ni kandambili tu, nitanunua jozi mpya sokoni kwa bei ndogo kuliko nauli. Mama yao akaweka mwiko chini. Akasema hiyo ya mtu si mali yetu, ni amana, na amana hairudishwi kwa kukaa nyumbani. Mkubwa akaongeza kwamba yule baba tutamkuta palepale, kwa kuwa naye ana mbili za kushoto na lazima anatutafuta.

Nilichukua simu, nikafungua programu yangu, nikawatangazia kwa masikitiko, ambayo nakiri hayakuwa ya kweli, kwamba Jumapili ijayo saa kumi maji yatakuwa yamekupwa.

«Si kitu, Baba,» akasema kitindamimba. «Kandambili tutaitafuta mchangani, hatuitafuti majini.»